Ini la Mtu Aliye Hai: Hesabu, Upasuaji na Haki ya Kukataa

Somo la toleo hili ni upasuaji wa ini, na hasa upandikizaji wa ini kutoka kwa mtoaji aliye hai. Mimi si daktari. Nasomea uhandisi mitambo, na kila siku nashughulika na vimiminika vinavyopita kwenye mabomba. Ila nilipoanza kusoma mambo haya nikakuta kwamba sehemu kubwa ya upasuaji huu ni mabomba, presha na vipimo, kwa hiyo nikajiona nina la kusema.

Kuna sababu nyingine pia. Sisi tulio masomoni ughaibuni wengi wetu ni vijana, tuna afya na tuna pasipoti mkononi. Ndugu akiugua kule nyumbani, simu hutufikia mapema. Tumezoea simu ya kuomba mchango wa pesa. Simu ya kuombwa kipande cha ini ni jambo jingine kabisa, na ni vizuri ikukute unajua hesabu zake.

INI KWA MACHO YA FUNDI WA MABOMBA

Katika lugha yetu, habari nzito tunasema inakata maini. Wazee hawakukosea kulipa ini heshima hiyo. Ini la mtu mzima lina uzito wa kilo moja na robo hadi kilo moja na nusu hivi, nalo limekaa upande wa kulia chini ya mbavu. Linatengeneza nyongo, linaondoa sumu, linahifadhi sukari, na linatengeneza protini zinazofanya damu igande ukijikata. Figo zikifa ipo mashine ya kusafisha damu, na watu wanaishi nayo miaka. Ini likifa, hakuna mashine ya kulishikia nafasi yake kwa muda mrefu.

Sasa tuje kwenye mabomba. Ini lina njia mbili za kuingiza damu. Ya kwanza ni ateri ya ini, inayoleta kama robo ya damu yote, tena yenye oksijeni nyingi. Ya pili ni vena ya lango, bomba nene linalokusanya damu kutoka kwenye utumbo na wengu, nayo huleta robo tatu zilizobaki. Zote mbili kwa pamoja hupitisha kama lita moja na nusu kila dakika. Damu hiyo hutoka kwa vena tatu kubwa zinazoimwaga kwenye vena kuu inayorudi moyoni. Halafu kuna mrija wa nyongo, unaoshuka kwenda kwenye utumbo. Mpasuaji anayepandikiza ini lazima aunge mabomba yote hayo, na ateri ina upana wa milimita chache tu.

Mwaka 1957 Mfaransa Claude Couinaud alieleza kwamba ini, ingawa kwa nje linaonekana kama nyama moja, kwa ndani linaweza kugawanywa vipande 8. Kila kipande kina tawi lake la damu na tawi lake la nyongo. Ramani hiyo ndiyo inayomwezesha mpasuaji kuondoa upande mmoja wenye uvimbe bila kuua upande wa pili. Na ndiyo hiyo hiyo inayowezesha kipande kitolewe kwa mtu mmoja na kuishi ndani ya mtu mwingine.

Ajabu nyingine ya ini ni kwamba linakua tena. Hapa watu wengi hudhani kipande kilichokatwa huota upya kama tawi la mti. Sivyo. Kile kilichobaki ndicho hunenepa hadi kukaribia ukubwa wa ini la mwanzo, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika katika miezi miwili mitatu ya kwanza. Kwa mpokeaji pia kipande alichopewa hukua.

WAZO LILIZALIWA KWENYE UHABA

Tarehe 1 Machi 1963, kule Denver, Marekani, Thomas Starzl alijaribu kwa mara ya kwanza kumpandikizia binadamu ini. Mgonjwa alikuwa mtoto wa miaka mitatu, akatokwa na damu nyingi na kufariki mezani. Starzl alipata mafanikio mwaka 1967, lakini kazi hii haikuenea hadi miaka ya 1980, ilipopatikana dawa ya siklosporini inayozuia mwili kulikataa ini geni.

Maini hayo yote yalitoka kwa watu waliokwisha kufariki. Lakini zipo nchi ambako kutoa kiungo cha marehemu kulikuwa kugumu kwa sababu za sheria, mila au uhaba wa vifaa. Na hata penye maini ya marehemu, mara nyingi yalikuwa makubwa mno kwa watoto wadogo. Desemba 1988 Silvano Raia wa São Paulo, Brazil, akawa wa kwanza kujaribu kuchukua kipande cha ini la mtu aliye hai na kumpa mtoto. Mtoto huyo hakuishi. Julai 1989, kule Brisbane, Australia, Russell Strong alimpandikizia mtoto wa Kijapani kipande cha ini la mama yake, na safari hii ikafaulu.

Japani, ambako sheria ya kuchukua viungo kwa mtu ambaye ubongo wake umekufa ilipitishwa mwaka 1997 tu, ikaibeba kazi hii kuliko nchi yoyote. Mwaka 1993 madaktari wa Shinshu wakafaulu kutoka kwa mtu mzima kwenda kwa mtu mzima, na miaka iliyofuata Kyoto na Hong Kong wakaanza kutumia upande wa kulia wa ini, ulio mkubwa zaidi.

Kwa hiyo tusidhani hii ni teknolojia ya anasa iliyobuniwa kwa matajiri. Ilikuzwa kwa kiasi kikubwa na waliokosa njia nyingine, na ndiyo maana inatuhusu.

HESABU YENYEWE

Madaktari hujiuliza maswali mawili kabla ya kugusa kisu. Je, kipande kitamtosha mpokeaji? Je, kitakachobaki kitamtosha mtoaji?

Kwa mpokeaji, kipimo kinachotumika sana ni kwamba kipande kiwe na uzito usiopungua asilimia 0.8 ya uzito wa mwili wake. Kwa mtoaji, abaki na angalau asilimia 30 ya ini lake, na vituo vingi hutaka 35. Uzito wa ini hukadiriwa kwa picha za CT kabla ya upasuaji.

Tuchukue mfano. Mgonjwa ana kilo 70. Asilimia 0.8 ya kilo 70 ni gramu 560. Ndugu yake amejitolea, na picha zinaonyesha ini lake lina gramu 1,200. Upande wa kulia ni asilimia 60, yaani gramu 720. Unatosha. Mtoaji anabaki na gramu 480, sawa na asilimia 40. Naye yuko salama kwa kipimo hicho.

Sasa tuseme ini la ndugu mwingine lina gramu 1,200 vilevile, ila upande wake wa kulia ni asilimia 72. Kipande ni gramu 864, mgonjwa angefurahi. Lakini mtoaji angebaki na gramu 336, sawa na asilimia 28. Hapana. Vipi upande wa kushoto? Gramu 336 ni chini ya 560. Hapana tena. Ndugu huyo hafai, hata awe na mapenzi kiasi gani na hata kundi la damu likubali.

Kwa mtoto mdogo hesabu ni nyepesi. Mtoto wa kilo 10 anatosheka na vipande viwili vidogo vya kushoto, kama gramu 250 tu. Mzazi anabaki na sehemu kubwa ya ini lake.

Kwa nini kipande kidogo ni hatari? Hapa ndipo mhandisi anaamka. Damu ya vena ya lango haipungui kwa sababu ini limekuwa dogo. Mto ule ule uliokuwa ukipita kwenye zaidi ya kilo moja ya nyama sasa unalazimishwa kupita kwenye nusu kilo. Presha inapanda, vijishipa vidogo vinaumia, kipande kinavimba, tumbo linajaa maji, macho yanabaki ya manjano. Kwa hiyo wapasuaji hupima presha ya vena ya lango palepale mezani, na baadhi yao hulenga iwe chini ya milimita 15 za zebaki. Ikizidi, hupunguza mto: hufunga ateri ya wengu, huondoa wengu wenyewe, au huchepusha sehemu ya damu. Fundi bomba yeyote wa Kariakoo angeielewa kazi hiyo.

MISRI: PROGRAMU ILIYOANZA, IKASIMAMA, IKAANZA TENA

Mfano wa karibu wa programu iliyokua katika nchi inayoendelea ni Misri, na chanzo cha tatizo lao kinatugusa sisi watu wa maziwa na mabonde ya mpunga: kichocho.

Kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali ya Misri ilitibu kichocho vijijini kwa sindano nyingi nyingi. Nia ilikuwa njema kabisa. Lakini sindano zilirudiwa bila kuchemshwa sawasawa, na virusi vya homa ya ini aina ya C vikapita kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Miaka baadaye maini ya watu hao yakajaa makovu, mengine yakaota saratani. Misri ikajikuta na wagonjwa wa ini wengi kupita kiasi, na haikuwa na utaratibu wa kupata maini ya marehemu.

Mwaka 1991, Taasisi ya Taifa ya Ini iliyoko Menoufia ilijaribu upandikizaji kutoka kwa mtoaji hai. Matokeo hayakuridhisha na kazi ikasimama. Ilianza upya Agosti 2001 katika hospitali ya Dar Al Fouad karibu na Cairo, safari hii kwa kushirikiana na timu ya Koichi Tanaka kutoka Kyoto. Wajapani walikuja, Wamisri wakasimama nao mezani, mkono ukazoea. Ndani ya takriban miaka 15 upandikizaji zaidi ya 2,000 ulikuwa umefanyika katika vituo zaidi ya kumi. Mwaka 2010 ikatoka Sheria Namba 5 iliyokataza biashara ya viungo na kufungua mlango wa kutumia viungo vya marehemu, ingawa kwa miaka mingi baada ya hapo maini yaliendelea kutoka kwa walio hai.

Na msomaji asisahau upande wa pili wa shilingi ya Misri. Zilipopatikana dawa za vidonge za kuponya homa ya ini C, kuanzia mwaka 2014, nchi ilizigawa kwa wingi, na mwaka 2018 ikaanza kupima mamilioni ya raia wake. Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani liliipa Misri daraja la dhahabu katika safari ya kutokomeza ugonjwa huo. Walijifunza kupandikiza, lakini pia walikwenda kuziba bomba pale lilipopasuka.

JOHANNESBURG: MAMA, MTOTO NA UAMUZI MGUMU

Kusini mwa Sahara, kituo cha Wits Donald Gordon mjini Johannesburg kilianza kuwapandikizia watoto maini ya watoaji hai mwaka 2013. Mwaka 2017 kikakutana na jambo zito. Mtoto alikuwa mahututi, amesubiri ini zaidi ya siku 180 bila kupata. Mama yake alikuwa tayari kutoa kipande, ila yeye anaishi na virusi vya UKIMWI, na mtoto hakuwa navyo.

Madaktari, kamati ya maadili na wazazi walikaa pamoja. Mama alikuwa anameza dawa vizuri na virusi vyake vimedhibitiwa. Mtoto akapewa dawa za kinga kabla ya upasuaji, kisha akapokea kipande cha mama. Habari zilipotangazwa Oktoba 2018, mama na mtoto walikuwa wanaendelea vizuri, na madaktari walisema wazi kwamba hawakuwa na uhakika kama virusi vilimpata mtoto. Naupenda mfano huu kwa sababu ya uwazi wake. Hawakumwambia mama hakuna hatari. Walizitaja zote, wakaziandika, ndipo wakaamua pamoja naye.

PROGRAMU CHANGA IANZIE WAPI?

Afrika Mashariki tumekwisha kupiga hatua kwenye figo. Muhimbili ilifanya upandikizaji wake wa kwanza Novemba 2017, na Mulago ikafuata Desemba 2023 baada ya Uganda kupitisha sheria yake ya viungo mwaka huo huo. Kenya ilitangulia zamani. Siku ya ini nayo itafika. Ikifika, nadhani mambo manne tuyashike.

Kwanza, ujifunze kukata ini kabla ya kulihamisha. Hospitali inayoondoa uvimbe wa ini mara kwa mara, bila kumwaga damu nyingi, ndiyo yenye msingi. Huwezi kujifunzia kwenye ini la mtu mzima wa afya aliyekuja kumsaidia dada yake.

Pili, kuanza na watoto kuna mantiki, kwa kuwa mzazi hutoa kipande kidogo na hatari yake ni ndogo zaidi.

Tatu, daktari wa upasuaji peke yake si programu. Anahitaji daktari wa usingizi, chumba cha wagonjwa mahututi, benki ya damu, maabara ya kupima kiwango cha dawa usiku na mchana, na mtaalamu wa picha anayejua kuchora mirija ya nyongo. Hapo wahandisi nasi tuna nafasi: umeme usiokatika, vifaa vinavyotengenezwa vikiharibika, oksijeni, programu za kompyuta za kukadiria ujazo wa ini.

Nne, programu ihukumiwe kwanza kwa usalama wa mtoaji. Yeye ndiye mtu pekee anayeingia chumba cha upasuaji akiwa mzima. Januari 2002, katika hospitali moja kubwa ya New York, mwanamume aliyempa kaka yake kipande cha ini alifariki siku tatu baada ya upasuaji, na hospitali ikasimamisha kazi hiyo kwa watu wazima. Kama jambo hilo lilitokea huko penye kila kitu, kwetu haraka haraka haitakuwa na baraka.

SIMU IKIKUFIKIA WEWE

Kwa sasa njia iliyozoeleka kwa mgonjwa wetu anayehitaji ini ni kwenda nje, hasa India. India ina sheria ya viungo tangu mwaka 1994, na mgeni haruhusiwi kupewa kiungo cha Mhindi aliye hai isipokuwa ni jamaa yake wa karibu. Kwa hiyo familia lazima iende na mtoaji wake, ubalozi uthibitishe undugu, na kamati iwahoji. Ndiyo maana jina lako linaweza kutajwa kwenye kikao cha ukoo wakati wewe uko maktaba.

Ukiombwa, haya ndiyo ya kujua:

1. Kundi la damu linatakiwa likubaliane. Umri kwa kawaida ni kati ya miaka 18 na 50 na kitu. Ini lenye mafuta mengi halifai, ila mara nyingine kupunguza uzito kunasaidia.

2. Hatari ya kufa kwa anayetoa upande wa kulia hukadiriwa kati ya mtu 1 kwa 500 na mtu 1 kwa 200. Kwa kipande kidogo cha kushoto ni kama 1 kwa 1,000. Takriban theluthi moja ya watoaji wa upande wa kulia hupata tatizo fulani, mengi yakiwa madogo: nyongo kuvuja, homa, kidonda kuchelewa kupona.

3. Utalala hospitali kama wiki moja, na utakaa miezi miwili au mitatu kabla ya kurudi kwenye kazi nzito. Kwa mwanafunzi hiyo ni karibu muhula mzima. Zungumza na msimamizi wako, wadhamini wako na idara ya viza kabla hujasaini chochote.

4. Uliza nani atalipa ukipata tatizo miezi sita baadaye, ukiwa umesharudi chuoni. Wengi huchangisha kwa ajili ya mgonjwa na kumsahau mtoaji. Waswahili walisema, mwenye kovu usidhani kapoa.

5. Unayo haki ya kukataa, hata asubuhi ya upasuaji. Kituo kizuri kitakupa mtu wa kukusikiliza faragha, asiye daktari wa mgonjwa. Ukisema hapana, familia huambiwa tu kwamba umeonekana hufai, basi, hakuna maelezo zaidi.

Hilo la tano nalisisitiza kwa sababu ukoo wetu una nguvu. Baba mkubwa akisema, nani atabisha? Binti asiyeolewa, mdogo wa mwisho, au yule aliyesomeshwa kwa pesa za mgonjwa, hao ndio huelekezewa macho. Kujitolea ni jambo kubwa, na wapo waliojitolea wakaokoa maisha ya ndugu zao na sasa wanaishi vizuri. Lakini zawadi iliyotolewa kwa kuogopa lawama si zawadi, na daktari anayeichukua akijua hivyo naye ana deni.

NA KABLA YA KUFIKA HUKO

Kwetu sababu kubwa mojawapo ya makovu na saratani ya ini ni homa ya ini aina ya B. Chanjo yake ilianza kutolewa kwa watoto wachanga Kenya, Uganda na Tanzania mwaka 2001 na 2002. Piga hesabu: kama ulizaliwa kabla ya hapo, huenda hukupata. Nenda kituo cha afya cha chuo, omba upimwe. Kama huna virusi wala kinga, chanjo ni dozi tatu ndani ya miezi sita kwa utaratibu wa kawaida. Ukikutwa navyo, zipo dawa za kuvidhibiti, na ukifuatiliwa mapema huenda usije kuhitaji ini la mtu.

ZOEZI

Mgonjwa ana kilo 80. Mdogo wake amejitolea, ini lake lina gramu 1,300, na upande wa kulia ni asilimia 68. Je, kipande kinamtosha mgonjwa? Je, mtoaji anabaki na asilimia ngapi?

Ukipiga hesabu utaona kwamba kituo kinachokubali asilimia 30 kitasema ndiyo, na kinachotaka 35 kitasema hapana. Vyote viwili vinaweza kuwa vituo vizuri. Sasa jiulize: kama mdogo huyo ni wewe, ungependa kupasuliwa wapi, na ungemuuliza daktari swali gani la kwanza? Jadilini kwenye kikao chetu kijacho, na walio kitivo cha udaktari waje watusahihishe.